Kigezo, sharti, sababu au kipimo: neno lipi kwa jambo linaloamua?

Tarehe 28 Juni 2018 Senegal ilitolewa kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi ikiwa na pointi 4 katika Kundi H, sawa na Japan. Kila timu ilikuwa imefunga mabao 4 na kufungwa 4, na zilipokutana zenyewe zilitoka 2–2. Japan ikapita kwa sababu ilikuwa na kadi za njano 4 na Senegal 6.

Jaza pengo hili: "Kadi za njano ndizo zilizokuwa ______ Senegal kutolewa." Mmoja ataandika sababu ya, mwingine kigezo cha, na wa tatu atasema Senegal "haikutimiza vigezo". Kila moja linasikika vizuri mdomoni, ila hayasemi jambo moja, na la tatu ni kosa kabisa. Tuyaweke kwenye mechi hiyohiyo, ubavu kwa ubavu:

| Neno | Swali linalolijibu | Kundi H, 2018 | Upatanisho |
|---|---|---|---|
| Sharti | Nini lazima kiwepo? | Kumaliza katika nafasi 2 za juu | sharti hili, masharti haya |
| Kigezo | Tunawatenganisha kwa nini? | Nidhamu uwanjani | kigezo hiki, vigezo hivi |
| Kipimo | Tunahesabu vipi? | Njano hukata pointi 1, nyekundu ya moja kwa moja 4 | kipimo hiki, vipimo hivi |
| Sababu | Kwa nini mambo yalifika hapo? | Kufungwa bao na Yerry Mina wa Colombia dakika ya 74. Kusawazishiwa na Japan mara mbili | sababu hii, sababu hizi |

Kwa hiyo nidhamu kilikuwa kigezo kilichoamua. Neno kilichoamua halipo hapo kwa urembo. Kigezo peke yake hakina maana ya kukata shauri, kwa kuwa vigezo huwa vingi na vingine havifanyi kazi yoyote siku hiyo. Kanuni za mashindano yale zilikuwa na hatua 8: pointi zote, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, kisha hizohizo tatu kwa mechi za timu zilizofungana tu, halafu nidhamu, na mwisho kuchomoa kura. Sita za mwanzo zilishindwa kuzitenganisha Senegal na Japan, ya saba ikaweza. Ukiandika "kigezo kilikuwa kadi" unamwacha msomaji aamini kwamba FIFA ilianza na kadi.

Na kwa nini "haikutimiza vigezo" ni kosa? Kwa sababu kigezo cha aina hiyo hakitimizwi. Mtu hutimiza sharti. Kwenye kigezo hupimwa, akawa juu au chini ya mwenzake.

Kigezo na sharti

Hapa ndipo makosa mengi yalipo, na ndipo yanapogharimu pesa.

Kigezo kimetokana na kitenzi -geza, kuiga au kulinganisha kitu na kingine. Maana yake ya zamani ni kiolezo, kitu cha mfano kinachowekwa kando ili kingine kikatwe au kipimwe kwacho. Sharti limetoka Kiarabu na limebaki na ukali wake: bila hilo, hakuna. Ndiyo maana linaweza hata kusimama mahali pa lazima na kufuatwa na kitenzi chenye -e mwishoni: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jaribu kuweka kigezo kwenye methali hiyo uone kama itasimama.

Njia ya haraka ya kuyatenganisha ni kutazama kinachofuata neno. Kigezo hufuatwa na jina tupu la jambo: kigezo cha umri, kigezo cha bei, kigezo cha uzoefu. Hakijasema bado kiasi gani kinatakiwa. Kipimo ndicho kinacholeta kizio, mfano miaka, shilingi, kilo. Sharti huchora mstari: umri usipungue miaka 40. Sifa ni kile alichonacho mtu mwenyewe: ana miaka 43. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 39, inapotaja umri wa miaka 40 kwa anayetaka urais, inalitaja jambo hilo chini ya sifa, kwa kuwa inamtazama mtu. Tume inayopokea fomu, ikikaa upande wa pili wa meza, hilohilo kwake ni sharti. Kwa hiyo tangazo la kazi linaloandika "Vigezo: awe na shahada, awe na leseni ya udereva daraja C" limekosea lebo. Hizo ni sifa za mwombaji au masharti ya kuomba. Vigezo vya tangazo hilo, kama vipo, ni vile ambavyo kamati itatumia kumchagua mmoja kati ya wale 60 wenye shahada na leseni, na mara nyingi havikuandikwa popote. Mwombaji aliyekosa kazi analalamika kwamba "alikuwa na vigezo vyote", na kamati inashindwa kumjibu, kwa sababu ni kweli kadiri tangazo lilivyosema.

Sasa chukua kikundi cha ushirika kinachotaka kununua mashine ya kukoboa mahindi. Kijijini kuna umeme wa njia moja (fezi moja) tu. Mwandishi wa kikundi anaandika "vigezo vya kuchagua mashine" na kugawa alama 100: bei 35, upatikanaji wa vipuri 30, kasi ya kukoboa 25, kufaa kwa umeme uliopo 10. Mashine mbili zinaingia. Ya kwanza, ya fezi tatu, inapata 31 kwa bei, 27 kwa vipuri, 25 kwa kasi na 0 kwa umeme. Jumla 83. Ya pili, ya njia moja, inapata 32, 28, 11 na 10. Jumla 81. Kikundi kimenunua mashine ambayo haitawaka.

Hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichokosewa ni kuweka sharti ndani ya orodha ya vigezo. Vigezo hufidiana: ukipoteza kwenye bei unaweza kurudisha kwenye kasi. Sharti halifidiwi na chochote. Kuongeza alama za umeme kutoka 10 hadi 20 si dawa, maana kuna siku itakuja mashine nzuri zaidi kwa mengine yote na kulimeza pengo hilo. Dawa ni kuandika sehemu mbili: "Sharti: mashine itumie umeme wa njia moja", kisha "Vigezo kwa zilizotimiza sharti: bei 40, vipuri 35, kasi 25." Kwenye sehemu ya kwanza jibu ni ndiyo au hapana, na hakuna nafasi ya kuandika alama.

Ukiwa na shaka, uliza: je, kitu kikipata sifuri hapa, bado kinaweza kuchaguliwa? Kama kinaweza, ni kigezo. Kama hakiwezi, ni sharti.

Jambo moja zaidi kuhusu vigezo, ambalo waandishi wa kanuni za vyama na vilabu hulisahau: vigezo hutumika kwa mfuatano au kwa uzito, na lazima useme ni vipi. Vya Kundi H vilikuwa kwa mfuatano, cha pili hakiguswi mpaka cha kwanza kishindwe. Vya mashine ni kwa uzito, vyote vinahesabiwa pamoja. Orodha yenye namba 1 hadi 4 bila maelezo itasomwa na nusu ya wajumbe kama mfuatano na nusu nyingine kama orodha tu. Sentensi moja inatosha: "Vigezo vitatumika kwa mfuatano huu, kinachofuata kitaangaliwa tu pale ambapo kilichotangulia hakikutenganisha." Inachosha kuiandika, lakini ugomvi wa mkutano mkuu unachosha zaidi.

Na ule usemi wa matangazo ya redio Tanzania, vigezo na masharti kuzingatiwa, unaosomwa mwishoni kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa? Maneno mawili yamekaa pamoja kwa haki, kama kampuni ina vyote viwili: namna ya kumpata mshindi na mambo ambayo mshiriki lazima ayafuate. Mara nyingi kuna masharti tu, na vigezo vimeongezwa ili sentensi iwe na uzito. Husikika pia sheria na masharti, ambayo kwa promosheni ya muda wa maongezi ni ukali wa kupitiliza, lakini angalau haichanganyi sharti na kigezo.

Kigezo na sababu

Kigezo hutangulia uamuzi. Sababu huelezwa baada ya jambo kutokea, hata kama yenyewe ilikuwepo kabla. Kigezo kimewekwa na mtu, tena kwa makusudi, na kingeweza kuwekwa kingine. Sababu haihitaji kuwekwa na yeyote. Mvua kubwa ni sababu ya barabara kukatika. Hakuna aliyekaa kikao akaifanya kigezo.

Kuna matumizi yanayozidi kuenea kwenye habari na barua za ofisi: "Wakulima wamenyimwa mkopo kwa kigezo kwamba hawana hati za mashamba." Maana inayokusudiwa huwa moja kati ya tatu, na msomaji analazimika kukisia. Kama mwandishi anakubaliana na benki kwamba ndicho kilichowakosesha, aandike kwa sababu. Kama anaripoti tu maneno ya benki bila kuyathibitisha, aandike kwa hoja kwamba au kwa madai kwamba. Kama anaona benki inajificha, aandike kwa kisingizio. "Kwa kigezo kwamba" kunampa nafasi ya kukwepa zote tatu, na nadhani hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwake. Ishara ya kukitambua kigezo kilichopotea njia ni hilo kwamba (au kuwa). Kigezo hufuatwa na cha na jina, kama tulivyoona. Hakifuatwi na sentensi nzima.

Kinyume chake pia hutokea, sababu kuchukua nafasi ya kigezo: "Sababu za kuchagua shule ni ada, umbali na matokeo ya mtihani." Hivi ni vigezo. Sababu ni "tumeichagua hii kwa kuwa iko kilomita 2 tu kutoka nyumbani". Umbali ni kigezo, kilomita ni kipimo, ukaribu ni sababu ya mzazi huyu.

Mahali ambapo kigezo kinaonyesha nguvu yake kuliko kote ni kwenye uainishaji, na kila aliyesoma sarufi ya Kiswahili amekutana nako kwenye ngeli. Chukua kiboko, yule mnyama. Kwa kigezo cha umbo la nomino, kiboko na viboko viko pamoja na kiti na viti, ngeli ya KI-VI. Kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi tunasema kiboko amelala, viboko wamelala, kwa hiyo yuko A-WA pamoja na mtu na watu. Kifaru na kipofu wana kesi hiyohiyo. Mnyama hajabadilika na neno halijabadilika. Kigezo kimebadilika na jibu likabadilika nacho. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "kiboko ni A-WA" bila kutaja kigezo ameandika nusu ya jibu. Hapo huwezi kuweka sababu wala sharti: upatanisho si sababu ya kiboko kuwa A-WA kama vile moto ulivyo sababu ya moshi, bali ni njia tuliyoichagua ya kupanga.

Sharti na sababu

Wengi hawayachanganyi haya mawili, lakini yakichanganywa kosa huwa gumu kuonekana. Waliosoma fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, kwenye madrasa za pwani wana ufafanuzi mkali kuliko wa kamusi nyingi, na unafaa hata nje ya dini. Sharti ni kile ambacho kikikosekana jambo halipo, lakini kikiwepo si lazima jambo liwepo. Sababu ni kile ambacho kikiwepo jambo huwepo, kikikosekana jambo hukosekana.

Sala ya adhuhuri: kuingia kwa wakati wake ndiyo sababu ya kuwajibika. Udhu ni sharti. Bila udhu sala haisihi, lakini kuwa na udhu saa nne asubuhi hakukuwajibishi adhuhuri. Rukuu na sijida si sharti bali ni nguzo, kwa kuwa zimo ndani ya sala yenyewe, ilhali sharti hukaa nje na kutangulia. Zaka ya mali vilevile: mali kufikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachotozwa zaka, ambayo kwa dhahabu huhesabiwa kuwa gramu 85, ni sababu, kupitiwa na mwaka ni sharti, asilimia 2.5 inayotolewa ni kipimo.

Ukilihamishia hilo kwenye maandishi ya kawaida utaona ubovu wa sentensi kama "Mtaji ndiyo sababu ya biashara kufanikiwa." Biashara ngapi zina mtaji na zimekufa? Mtaji ni sharti, tena si sharti la kila biashara. Anayeandika sababu anaahidi matokeo. Anayeandika sharti anaonya tu.

Sharti pia linaweza kuwa na miguu miwili, na hapo uandike na au au kwa uangalifu. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Yote mawili ni lazima. Akipata asilimia 60 ya kura lakini robo hiyo aipate kwenye kaunti 20 tu, uchaguzi unarudiwa. Wanaoyaita hayo "vigezo vya ushindi" wanamfanya msomaji adhani kwamba asilimia kubwa inaweza kufidia kaunti chache. Haiwezi.

Kigezo na kipimo

Hili ni fupi. Kigezo ni upande unaoangaliwa, kipimo ni chombo, kizio au tendo la kupima. Uzito ni kigezo, kilo ni kipimo. Kwenye soko la nafaka la zamani pishi moja ilikuwa vibaba vinne, navyo ni vipimo. Hospitali imelichukua neno hili kwa maana yake: "amepelekwa kufanya vipimo". Kuna matumizi ya heshima, kama "kipimo cha uongozi ni jinsi unavyowatendea wanyonge", ambapo kipimo kimekaa karibu sana na kigezo. Yaache, ni Kiswahili kizuri. Epuka tu kuyaweka maneno yote mawili pamoja, "vigezo na vipimo", pale ambapo una kimoja tu.

Majirani

Kwenye afya maneno yamegawana kazi vizuri, na ni vyema kuyafuata. Kifua kikuu kina kisababishi, ambacho ni bakteria. Kuishi na mgonjwa kwenye chumba kisichopitisha hewa ni kihatarishi: kinaongeza uwezekano, hakileti ugonjwa chenyewe. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni dalili. Makohozi yanayopelekwa maabara ni sampuli, na kinachofanywa huko ni kipimo. Kuandika "sababu za kifua kikuu ni msongamano na lishe duni" kunamfanya msomaji aishie kuogopa umaskini na kusahau kwamba ugonjwa huambukizwa kwa hewa.

Kiashiria huonyesha tu. Bei ya unga kupanda inaweza kuwa kiashiria cha mavuno mabaya, haikuyaharibu mavuno. Kikitumika kama sababu, hutokea ile hali ya ofisi kushughulikia namba na kuliacha tatizo.

Kipengele hakiamui lolote. Ni sehemu ya kitu kizima, kama kipengele cha mkataba au cha ripoti. Wanaoandika "vipengele vinavyoathiri mavuno" wanatafuta mambo, na neno mambo halina ubaya wowote: mambo yanayoathiri mavuno ni mvua, mbegu, mbolea na wakati wa kupanda. Ukishindwa kuchagua kati ya yote yaliyotajwa humu, mambo yanayoamua ni salama kuliko vigezo vya kubahatisha.

Hoja hutumika mezani, kwenye mjadala. Inaweza kumshawishi mwamuzi, lakini ikishashinda inageuka kuwa sababu ya uamuzi wake.

Halafu kuna turufu, iliyotoka kwenye karata: jani la chapa iliyotangazwa, linalokata majani ya chapa nyingine hata yakiwa makubwa. Kwa jambo moja linaloyazidi mengine yote nguvu, hakuna neno lenye ladha zaidi: "bandari ndiyo turufu yao". Kwenye siasa, kura ya turufu ni ile ya wanachama 5 wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambayo mmoja akiipiga azimio linakufa hata wengine 14 wakiliunga mkono. Usiichanganye na kura ya uamuzi ya mwenyekiti, ambayo hupigwa pale tu pande mbili zinapofungana. Ukiandika katiba ya kikundi na kumpa mwenyekiti "kura ya turufu" ilhali ulikusudia ya kuvunja sare, umempa uwezo wa kuzuia kila kitu, na atakayekuja kuisoma hiyo karatasi siku ya mgogoro atakuwa mwenyekiti mwenyewe.